Anataka nitie sahihi kwamba ni kazi za marehemu baba

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Baba yangu alikuwa mchoraji. Maisha yake yote aliuza picha kwa shida, ada zetu za shule akizilipa kwa picha mojamoja, na waliomwita fundi walikuwa wachache. Alipofariki mambo yakageuka. Sasa picha zake zinatafutwa, zinapita minadani, na bei ninazozisikia hazikaribii hata kidogo alizokuwa akilipwa yeye.

Warithi ni mimi na kaka yangu. Miezi michache iliyopita alitujia mfanyabiashara wa sanaa, mtu wa maneno mazuri na heshima zote. Alisema ana picha kadhaa za baba, zote kutoka kwa mkusanyaji mmoja mzee ambaye hataki jina lake litajwe kwa sababu za kifamilia. Anachotaka kwetu ni vyeti vya uhalisi, karatasi moja kwa kila picha, sisi watoto tukithibitisha kwamba ni mkono wa baba. Kwa kila cheti atatupa asilimia fulani ya bei atakayouzia.

Tulikwenda kuziona. Nyingine nikizitazama naona ni zenyewe kabisa. Nyingine zinanikataa. Baba alikuwa akitia sahihi rangi ikiwa bado mbichi, kwa brashi ileile aliyomalizia kazi. Nilimwona akifanya hivyo tangu utotoni. Katika picha tatu nilizozigeuzageuza kwenye mwanga, sahihi imekaa juu ya vanishi, ule utando wa kung'arisha unaopakwa rangi ikishakauka, na nyuma ya turubai hakuna yale maandishi yake ya penseli. Nilipomweleza yule bwana, alitabasamu akasema wachoraji hubadilika, na watoto hawajui kila kitu alichofanya baba yao. Nilipomwomba risiti, akajibu kwamba biashara hii duniani kote huendeshwa kwa kuaminiana na hakuna sheria inayomlazimisha kusema mali ameipata wapi.

Yapo mawili zaidi. Baba aliacha daftari la mauzo. Aliandika humo picha aliyouza, amemuuzia nani, na mara nyingine vipimo vyake. Bwana huyu ameomba kuliazima kwa siku chache apige picha kurasa. Pia amenipigia simu mtu nisiyemfahamu, akasema yuko karibu kulipia mojawapo ya picha zile na ameambiwa familia imekwisha kuithibitisha. Nilibabaika, nikakata simu bila kumjibu la maana.

Kaka anasema tutie sahihi zote yaishe. Ana madeni, nami sijifanyi sina shida. Anauliza: kama hakuna sheria, kosa liko wapi? Mimi nafikiri labda nithibitishe zile ninazoziamini tu. Lakini naogopa nikikataa zilizobaki atanishtaki kwa kumharibia biashara. Na nikitaka kushtaki mimi, niende ofisi gani?

Mtoto wa mchoraji

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kufiwa, na poleni kwa kuletewa mzigo huu mlangoni.

Usitie sahihi hata karatasi moja, pamoja na zile za picha unazoziamini. Wala daftari lisitoke nyumbani. Hayo mawili yashike leo, mengine tutayaeleza taratibu.

Kaka yako anasema hakuna sheria, na hapo ana ukweli nusu. Katika nchi nyingi mtu anaweza kuamka asubuhi akajiita mfanyabiashara wa sanaa bila leseni wala mtihani. Ardhi ina rejista ya wamiliki na gari lina kadi, lakini picha haina daftari la serikali linaloonyesha imepita mikono ya nani. Mnunuzi mara nyingi hamjui muuzaji, wala muuzaji hamjui mnunuzi, kwa sababu dalali amekaa katikati na siri ni sehemu ya mshahara wake. Sheria mpya zilizokuja zimegusa upande mmoja tu. Kuanzia Januari 2020, nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Uingereza zinawataka wafanyabiashara wa sanaa wahakiki mteja ni nani biashara ikifikia euro 10,000, kwa ajili ya kuzuia utakatishaji fedha. Marekani iliweka wauzaji wa vitu vya kale chini ya sheria kama hiyo mwaka 2021, lakini soko la sanaa lenyewe Wizara ya Fedha ililichunguza, na katika ripoti yake ya Februari 2022 haikupendekeza libanwe mara moja. Na hata pale sheria hizo zilipo, zinauliza fedha imetoka wapi. Mkono ulioshika brashi haziuulizi.

Basi soko lote linasimama juu ya karatasi: cheti, risiti za zamani, barua, neno la mtaalamu, neno la mjane au mtoto. Ndiyo maana bwana huyu yuko kwenu. Picha anazo tayari. Anachokosa ni jambo ambalo ninyi wawili tu mnaweza kumpa, na akishalipata, kila atakayeuliza swali baadaye ataonyeshwa sahihi zenu. Yeye atasema aliwaamini warithi, na nani atamlaumu?

Tena ukipokea asilimia ya bei kwa kila cheti, umekuwa mbia katika mauzo. Shahidi anayelipwa zaidi kila akisema "ndiyo" hakuna mahakama itakayomsikiliza. Picha zile tatu zikija kugundulika kuwa za kughushi, nawe uliziona sahihi zikiwa juu ya vanishi, ukamwambia hivyo kwa kinywa chako, kisha ukachukua fedha, utajiteteaje? Mwulize kaka yako swali hilo. Kukosekana kwa sheria mahususi ya sanaa hakufuti sheria ya udanganyifu, na hiyo iko karibu kila nchi.

Daftari ndilo lililonishtua kuliko asilimia. Kaa unisikilize hapa.

Uingereza kulikuwa na mtu aitwaye John Drewe. Kuanzia miaka ya 1980 alimtumia mchoraji John Myatt kutengeneza picha zipatazo 200 kwa mitindo ya wasanii wakubwa wa karne ya 20. Picha zenyewe hazikuwa kamilifu. Myatt alitumia hata rangi za kawaida za kupakia nyumba. Kilichoziuza ni nyaraka. Drewe alijipendekeza kwenye makumbusho ya Tate kwa mchango wa pauni 20,000, akafunguliwa milango ya hifadhi ya nyaraka, na humo akapachika kumbukumbu za uongo ili mtafiti akienda kuhakiki, akute picha imetajwa katika faili za kweli. Mwaka 1999 alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Picha ya kughushi ikikamatwa huondolewa sokoni, lakini hifadhi ya nyaraka ikishachezewa, hata kazi halali zilizomo huanza kutiliwa shaka.

Daftari la baba yako ndilo Tate ya familia yenu. Mtu akilishika siku chache peke yake, atajua kurasa zipi zina nafasi, picha zipi ziliandikwa bila vipimo, na wanunuzi gani wamekwisha kufa. Kutoka hapo ni rahisi kutengeneza picha inayolingana na mstari uliopo, au mstari unaolingana na picha iliyopo. Piga picha kila ukurasa wewe mwenyewe, pamoja na majalada na kurasa tupu, nakala moja umpe wakili, na daftari lenyewe liwekwe mahali pa kufungwa. Mtafiti wa kweli akija siku moja, alisome mezani ukiwa umekaa naye.

Mkusanyaji asiye na jina nayo ni hadithi ya zamani sana. Nyumba ya sanaa ya Knoedler ya New York, iliyokuwa ikifanya kazi tangu 1846, iliuza kwa miaka mingi picha zilizosemwa ni za wachoraji mashuhuri Rothko, Pollock, Motherwell na wenzao, zote zikiletwa na mwanamke mmoja aliyedai mwenye mali ni mtu asiyetaka kutajwa. Zilichorwa na mtu mmoja katika mtaa wa Queens mjini humohumo. Moja ilikuwa na jina la Pollock lililokosewa herufi. Kupitia nyumba hiyo na mfanyabiashara mwingine, watu walilipa takriban dola milioni 80. Knoedler ilifungwa mwaka 2011, na mwanamke yule alikiri makosa mwaka 2013. Miongoni mwa waliodanganywa alikuwamo Domenico De Sole, aliyenunua "Rothko" kwa dola milioni 8.3 mwaka 2004, na ambaye baadaye aliongoza bodi ya kampuni ya mnada ya Sotheby's. Kama mtu wa namna hiyo aliingia, usimwone mjinga yule aliyekupigia simu.

Mjerumani Wolfgang Beltracchi alikwenda mbali zaidi kwa kutumia familia kama ushahidi. Alimvisha mkewe mavazi ya kizamani, akampiga picha ya kamera akiwa amekaa kama bibi yake mzaa mama, na nyuma yake ukutani zikining'inia picha za kughushi, kisha akaifanya ionekane ya miaka mingi iliyopita. Wataalamu waliikubali. Kilichomfichua ni rangi nyeupe yenye titani iliyokutwa katika mchoro uliodaiwa kuwa wa mwaka 1914, wakati rangi hiyo haikuwa bado mikononi mwa wachoraji. Alihukumiwa miaka sita mwaka 2011.

Hapo utauliza: basi tuzipeleke maabara? Zinaweza kwenda, kwa gharama yake yeye anayeuza, na kwa maabara mtakayoichagua ninyi. Lakini maabara ina uwezo wa kusema "hapana" kuliko kusema "ndiyo". Ikikuta rangi au ubao wa miaka ya baada ya mchoraji, kesi imekwisha. Mwaka 2022 FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walichukua picha 25 zilizodaiwa ni za mchoraji Basquiat katika makumbusho moja huko Orlando. Mojawapo ilikuwa juu ya boksi la kampuni ya vifurushi ya FedEx lenye mwandiko wa chapa ambao kampuni ilianza kuutumia 1994, na Basquiat alifariki 1988. Ila mtu akighushi leo kwa turubai na rangi za wakati wa baba yako, ambaye hakufariki zamani sana, maabara inaweza isikute kosa lolote. Ndiyo maana ninakwambia hata zile unazoziamini usizithibitishe. Macho ya mtoto yana thamani, na habari ya sahihi na penseli ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Iandike yote, utie tarehe, umkabidhi wakili. Usiieneze tena, na hasa usimweleze zaidi bwana huyu. Umekwisha kumfundisha kwamba sahihi ya baba huwekwa rangi ikiwa mbichi, na picha zijazo huenda zikaja zimerekebishwa.

Liko jambo jingine kuhusu hizo unazoziona ni zenyewe. Labda kweli ni za baba, na labda ziliibwa. Kazi halali isiyo na historia ya umiliki bado ni hatari, kwa mnunuzi na kwenu pia. Interpol ina hifadhidata ya kazi za sanaa zilizoibwa yenye vitu zaidi ya 50,000, na programu yake ya simu ya ID-Art ni ya bure. Tazama humo, ingawa kutokuwamo si hati ya usafi, kwa kuwa wengi wakiibiwa hawaandikishi.

Hofu yako ya kushtakiwa siipuuzi. Bodi iliyokuwa ikithibitisha kazi za msanii Andy Warhol ilishtakiwa na mwenye picha iliyokataliwa. Mshtaki aliiacha kesi ile, lakini baada ya taasisi ya Warhol kutumia takriban dola milioni 7 kwa mawakili, na bodi ikavunjwa mwaka 2012. Kamati ya Basquiat ikafunga milango mwaka huohuo. Ndivyo soko hili lilivyo: anayesema kweli hana mlinzi, na aliyenyamaza hulala salama. Linaniudhi sana jambo hilo, na sioni dalili ya serikali nyingi kulishughulikia.

Hata hivyo kukataa kutoa cheti ni kitu kimoja, na kutangaza kwamba fulani anauza bandia ni kitu kingine. Hakuna anayeweza kukulazimisha kuthibitisha. Usimwite tapeli kwenye mitandao wala kwa majirani, wala usiandike "feki" kwenye ujumbe wa simu, hata kama moyoni huna shaka. Mwandikie, kupitia wakili, maneno machache: familia haijatoa cheti kwa kazi yoyote aliyo nayo, haitatoa bila kuonyeshwa historia kamili ya umiliki na jina la mwenye mali, na hajaruhusiwa kusema vinginevyo kwa mtu yeyote. Akijibu kwa vitisho, jibu lake ni nyaraka pia, litunze.

Hoja yake kwamba hana wajibu wa kutaja mali ilikotoka, mwachie. Katika sehemu nyingi anaweza kunyamaza. Akisema uongo, hapo ni kesi. Kanada kulikuwa na mwanamuziki aliyenunua mchoro uliouzwa kama wa mchoraji Norval Morrisseau. Mwaka 2019 mahakama ya rufani ya Ontario iliamuru alipwe dola 60,000 za Kanada, kwa sababu nyumba ya sanaa ilimpa historia ya umiliki ya uongo, bila mahakama kulazimika kumaliza ubishi wa nani hasa aliuchora. Kwa hiyo kila anachokuambia bwana huyu kuhusu mzee wake wa siri, kiandike na siku aliyokisema.

Na huyo Morrisseau, tafadhali mweleze kaka yako habari zake. Akiwa hai alikana picha zilizokuwa zikiuzwa kwa jina lake, akaapa mpaka kwa hati, na soko likaendelea kuuza. Alifariki 2007. Polisi waliwakamata watu wanane mwaka 2023 na kushika picha zaidi ya 1,000. Fikiria wanaomiliki kazi zake za kweli katikati ya mafuriko hayo, kila mmoja akilazimika kujieleza upya mbele ya mnunuzi. Fedha za vyeti vya leo zingelipwa na picha halali za baba yenu ambazo ziko kwa watu walionunua kwa bidii wakati hakuna aliyemtaka, na zile mlizobakiza ninyi nyumbani.

Najua madeni hayasubiri. Lakini warithi wana haki za fedha zilizo halali, na huenda hamjazigusa. Hakimiliki ya kazi zake, kwa mkataba wa kimataifa wa Berne, hudumu walau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeifanya 70. Anayetaka kuchapa picha zake kwenye kalenda, kitabu au bidhaa lazima awaombe na awalipe. Nchi kadhaa, zikiwamo za Umoja wa Ulaya na Uingereza, zina haki ya mauzo ya marudio. Kazi ikiuzwa tena kupitia mnada au dalali, msanii au warithi hupata sehemu, ambayo katika Umoja wa Ulaya kwa kawaida hufika hadi asilimia 4 na haizidi euro 12,500 kwa mauzo moja. Si kila raia wa kila nchi anaipata, kwa hiyo mwulize wakili au chama cha hakimiliki kama inawafikia. Ikiwa bei zimepanda kama unavyosema, kuna kitu hapo.

Kazi kubwa ya kuanza sasa ni orodha kamili ya kazi za baba. Chukua daftari, wafuate wanunuzi mmoja mmoja, upige picha mbele na nyuma ya turubai, upime, uulize walinunua lini. Nyuma ya picha husema mengi kuliko mbele. Mtafute mtu wa chuo au wa makumbusho asiyeuza picha akusaidie, na uanze mapema, maana waliomjua baba yako akiwa kazini wanazeeka. Orodha hiyo ikikamilika hutahitaji kutoa vyeti tena. Kazi itakuwa imo au haijaingia, na "haijaingia" ni neno salama zaidi mahakamani kuliko "bandia".

Kuhusu ofisi, nchi nyingi hazina ofisi ya sanaa ya kupeleka malalamiko. Italia ina kikosi cha polisi wa Carabinieri cha makosa ya sanaa tangu 1969 na Marekani ina timu ya FBI ya kazi hiyo tangu 2004, lakini kwingi utakwenda kitengo cha kawaida cha makosa ya udanganyifu, ukutane na mpelelezi ambaye hajawahi kushika kesi ya picha. Usikate tamaa kwa hilo. Mpelekee mambo anayoyajua: mtu ametaka kununua sahihi, amemwambia mnunuzi kwamba cheti kipo wakati hakipo. Mambo ya brashi na vanishi yatafuata.

Lakini kabla ya polisi na kabla ya barua kwa yule bwana, yuko mtu aliyekupigia simu. Bila shaka namba yake bado imo kwenye simu yako. Nenda kwa wakili kesho asubuhi, mwandikieni kwamba familia haijathibitisha picha yoyote kutoka kwa muuzaji huyo, na ujumbe umfikie siku hiyohiyo. Anaweza kulipa wakati wowote.